Kilomita za Gari Lililosimama

Kila asubuhi, kabla hajamjibu mtu salamu, Kipimo alifungua boneti ya gari lake, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa cheupe, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisoma. Wenzake walianza siku kwa chai, yeye alianza kwa kijiti. Ndiyo maana jina alilozaliwa nalo lilishasahaulika. Hata mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, naye alimwita Kipimo kama walivyomwita madereva wote wa maziwa.

Tumpe haki yake, alikuwa mtu makini. Ndani ya gari aliweka daftari lenye jalada gumu, na humo aliandika kwa kalamu ya bluu kila alipobadilisha oili: tarehe, kilomita, sahihi. Kila kilomita elfu kumi, hakuwahi kupitiliza. Madereva wengine walibadilisha oili walipokumbuka, au gari lilipowakumbusha kwa moshi. Foleni ikiwa ndefu, Kipimo aliwafungulia daftari lile akawapitisha ukurasa kwa ukurasa, nao wakatikisa vichwa huku wakiomba Mungu foleni isogee.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la dizeli, lenye tabo ya kuliongezea nguvu, na mgongoni lilibeba sanduku la baridi. Kila kukicha lilikwenda kituo cha kukusanyia maziwa, likasubiri wafugaji walete madumu yao mmoja mmoja, likarudi hadi kiwandani, likasubiri tena kwenye foleni. Muda wote huo injini haikuzimwa, maana baridi ya sanduku ilitoka kwenye injini, na maziwa hayana subira. Kwenda na kurudi ni kilomita sitini. Kazi hiyo ilikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na ndiyo iliyowatoa kwenye chumba kimoja wakahamia vyumba vitatu.

Mke wake alisimamia mashine ya kusaga nafaka, mtaa wa pili. Walimwita Mama Unga, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi nyusi zake huwa nyeupe kama za ajuza. Kipimo hakuwahi kuingia humo. Vumbi lilimkera, na zaidi ya vumbi, aliidharau ile injini.

"Hiyo injini yenu," alizoea kusema wakati wa kula, "inakunywa oili kama mlevi, na tangu izaliwe haijafika hata dukani."

"Lakini inakulisha," mkewe alimjibu, na kumsogezea bakuli.

Huo ulikuwa utani wao wa miaka mingi, na kila mmoja aliuzoea upande wake.

*

Aliyeisikia filimbi kwanza ni Bibi, ambaye hasikii hata mlango ukigongwa. Jumatatu asubuhi Kipimo alipokanyaga mafuta uani, Bibi alitoa kichwa dirishani.

"Nani anapiga filimbi?"

"Hakuna filimbi, mama."

"Ipo. Nyembamba. Inatoka kwenye hilo gari lako."

"Mama, jana hukusikia hata mvua."

"Mvua haikuwa na la kuniambia," Bibi akasema, akafunga dirisha.

Kipimo alisoma kijiti chake mara ya tatu. Oili ilikuwa imefika kwenye alama, haikupungua wala haikuzidi. Kwa mtu kama yeye, hilo lilimaliza mjadala.

Njia ya kurudi ina kilima kimoja kirefu kabla ya kiwanda. Siku hiyo gari likiwa limesheheni, lilifika katikati ya kilima likaishiwa pumzi. Kipimo alikanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likajibu kwa filimbi ndefu na moshi wa bluu. Akarudi gia ya pili, kisha ya kwanza. Muuza mayai mmoja, aliyekuwa ameshuka kwenye baiskeli yake na kuisukuma kwa mikono, akamfikia, akaenda naye sambamba kwa muda, kisha akampita.

"Pole, baba," alisema alipokuwa akipita. "Nikifika juu nirudi nikusukume?"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na ndiyo maana iliuma.

Kiwandani, Meneja alimsubiri getini. Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye kipima joto kilichofungwa kamba shingoni. Akafungua sanduku, akatumbukiza kipima joto kwenye dumu la kwanza, la pili, la tatu. Madereva wengine walinyoosha shingo.

"Yamepona kwa digrii moja," akasema. "Hebu kanyaga mafuta."

Kipimo akakanyaga, na filimbi ikajaa uwanja mzima.

"Leo ni Jumatatu," Meneja akasema. "Kuanzia kesho mzigo wako atabeba mwingine. Ijumaa uje nilisikie gari lako. Likipiga filimbi, huyo mwingine atabaki na kazi."

Hakupaza sauti, wala hakukunja uso. Kipimo alitamani angalau amfokee, maana ukifokewa unapata la kujibu. Alipogeuka, dereva mmoja akamwuliza kwa upole, "Na daftari linasemaje?" Wengine wakaangalia viatu vyao ili wasicheke.

*

Gereji aliyolazimika kwenda ni ya fundi aliyeitwa Sikio, na hapo palikuwa na mambo. Mwaka jana Sikio alimwambia mbele ya watu, "Hiyo oili unayotumia si ya gari lenye tabo." Kipimo akamjibu mbele ya watu wale wale: "Oili ni oili, la muhimu ni kipimo. Baba yangu alitumia hiyo hiyo kwenye lori miaka ishirini." Watu wakamcheka fundi. Sasa Kipimo alisimama mlangoni pa gereji hiyo Jumanne asubuhi, funguo mkononi, na Sikio akamwacha asimame mpaka alipomaliza chai yake, akasukutua, akakunja mikono ya shati.

Alifungua bomba moja nene, kikaonekana kigurudumu cha mapezi, kidogo, hakijai kiganja.

"Kishike. Kitikise."

Kipimo akakishika kwa vidole viwili. Kikacheza huku na huku, kikagonga ukuta wa nyumba yake ya chuma.

"Hakipaswi kucheza namna hiyo," Sikio akasema. "Hicho ndicho kinachokupandisha kilima. Moshi unaotoka kwenye injini, ambao wewe unauona ni uchafu tu, unapita upande wa pili huku, unakizungusha. Nacho kinasukuma hewa kwenye injini. Unajua kinazunguka mara ngapi kwa dakika moja?"

Kipimo aliijua mishale ya dashibodi kama anavyojua majina ya watoto wake. "Elfu tatu."

"Hiyo ni injini. Hiki ni mara laki moja na zaidi."

"Kwa dakika?"

"Kwa dakika."

Kipimo alitaka kucheka, akaona fundi hacheki. "Beringi gani itastahimili hilo?"

"Hakina gololi hata moja. Kimeelea. Oili inasukumwa kupitia kibomba hiki, inakiinua, kinaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele wako. Chuma hakigusi chuma. Siku kikigusa, ndiyo hiyo filimbi."

Kipimo aliinamia kile kigurudumu. Miaka yote alikuwa amekaa hatua moja nyuma ya jambo hilo, akipiga miluzi, akila karanga, na mbele ya magoti yake kitu kikielea juu ya unywele wa oili kikizunguka mara maelfu kabla hajamaliza sentensi. Alistaajabu. Na katika kustaajabu kwake aliona haya, kama mtu aliyegundua kwamba mgeni aliyekuwa akimpigia kelele ni mtu mkubwa.

Sikio akalala chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili. Haikumwagika. Ilisita, kisha ikashuka kidogo kidogo, nyeusi na nzito, ikijikunja kwenye beseni kama lami. Akafungua kile kibomba cha kupeleka oili kwenye tabo, akajaribu kupitisha sindano. Haikupita.

"Hii oili umebadilisha lini?"

"Kilomita elfu tisa na mia mbili zilizopita." Kipimo akaleta daftari. Mikono yake ilikuwa imara, maana hapo alikuwa nyumbani.

Sikio akalisoma ukurasa baada ya ukurasa. Kisha akachovya kidole kwenye beseni, akakisugua, akakinusa.

"Daftari linasema elfu tisa. Oili inasema hamsini. Mmoja wenu ni mwongo, na oili sijawahi kuisikia ikidanganya."

Wateja wawili waliokaa kwenye benchi waligeuka kumtazama. Kipimo angeweza kuvumilia kupoteza kazi, angevumilia hata kile kicheko cha foleni, lakini si hilo. Katika maisha yake kitu pekee alichokuwa nacho kizima ni lile daftari.

"Mimi si mwongo," akasema.

"Basi labda muuza oili wako ndiye mwongo," Sikio akajibu, na kurudi chini ya gari.

*

Alifika duka la oili akiwa amewiva kwa hasira. Muuzaji alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa uzi, na dukani walikuwamo wateja wanne.

"Mzee, umeniuzia oili bandia. Imegeuka lami kwa kilomita elfu tisa."

Mzee hakubishana. Alishusha kopo kutoka rafu ya juu, lile lile ambalo Kipimo hununua siku zote, akakata muhuri, akamimina kidogo kwenye bilauri, akainua kwenye mwanga. Ikang'aa kama asali. Wateja wote wakaiona.

"Oili yangu ni halali, mwanangu. Swali ni kama ni ya gari lako. Umewahi kusoma nyuma ya kopo?"

Kipimo hakuwahi. Alisoma bei, na picha ya lori.

"Hapa pana namba moja peke yake, arobaini. Ni nzuri kwa lori la zamani kama la marehemu baba yako. Asubuhi ni nzito, inatambaa. Tabo yako imeshaanza kuzunguka kabla hujafunga mkanda, oili bado haijafika. Gari lako linataka hii." Akashusha kopo jingine. "Namba mbili, kumi na tano na arobaini. Asubuhi inakimbia, injini ikichemka haigeuki maji. Na hizi herufi za chini ndizo zinazosema inavumilia moto wa tabo. Kitabu cha gari lako kinasemaje?"

"Kilikuja kwa lugha nisiyoijua."

"Namba hazina lugha, mwanangu."

Mteja mmoja akakohoa. Kipimo akauliza bei, akaambiwa, karibu mara mbili ya ile aliyozoea. Akataka kuondoka, mzee akamshika mkono.

"Nikuambie jambo moja, maana umenivunjia heshima lakini umekiri usilolijua. Hata hii ya bei rahisi haigeuki lami kwa elfu tisa. Kuna kitu kingine unakipika huko ndani. Kitafute."

Akatoka akiwa hana hata wa kumlaumu, na hiyo ni njaa mbaya kuliko zote.

*

Jioni walikula mapema. Kipimo alieleza yote, hata la muuza mayai, na Bibi akacheka hapo tu. Fedha walizoweka kwa ajili ya mabati ya jikoni zilikuwa zinatosha kununua moyo mpya wa tabo, yaani kile kigurudumu na kinachokishika, pamoja na oili nzuri, hilo halikuwa na ubishi, na paa lingevuja msimu mwingine. Kilichomtesa ni jingine.

"Nikiweka tabo mpya bila kujua iliyokufa imekufa kwa nini, nitaizika na ya pili," akasema. "Na ya tatu hatuna fedha yake."

Mama Unga aliweka bakuli chini. Nyusi zake bado zilikuwa na unga.

"Gari unaliwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Unalizima saa ngapi?"

"Saa tisa mchana. Unajua haliwezi kuzimwa, maziwa..."

"Hayo ni masaa tisa. Kutembea linatembea masaa mangapi?"

"Mawili. Pengine hayafiki."

"Na hayo saba mengine?"

"Limesimama."

"Limesimama gari," mkewe akasema. "Injini je?"

Kipimo alikuwa ameinua tonge. Lilibaki hewani. Aliwahi kulala usingizi kwenye foleni ile, akiwa ameegemea usukani, na mtikisiko wa injini ndio uliombembeleza.

Mama Unga hakumcheka, ingawa alikuwa na deni la kicheko la miaka mingi. "Kesho asubuhi uje mashineni," akasema. "Uje kabla wateja hawajajaa."

*

Jumatano Kipimo aliinama kupita kwenye mlango mfupi wa kibanda cha mashine, kwa mara ya kwanza. Injini ilikuwa imefungwa kwenye zege kwa nati nne, ikiunguruma, mkanda mrefu ukienda kwenye kinu. Vumbi la unga lilielea kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalipozoea, akaona ukuta.

Ukuta wote, kutoka sakafuni mpaka kwenye mbao za paa, ulijaa mistari ya chaki. Minne imesimama, wa tano umeikata. Minne imesimama, wa tano umeikata. Kila penye mistari mia pana duara. Mistari ya chini ilikuwa imefifia, ya juu ilikuwa myeupe, na chini ya ile iliyopita urefu wa mtu palikuwa na alama za miguu ya ngazi kwenye sakafu ya udongo, mahali mkewe alipokuwa akiiegemeza ili apande.

"Mstari mmoja ni saa moja," Mama Unga akamwambia sikioni, ili ashinde kelele. "Duara ni oili mpya. Aliyekuwapo kabla yangu aliiua injini, alisubiri ilie ndipo aipe oili. Nilipoanza, fundi wa mashine aliniambia: mama, hii haina barabara, ihesabie jasho. Ningehesabu kilomita, ningesubiri mpaka kiama."

"Miaka yote hii?"

"Kumi na mmoja."

"Kila saa?"

"Kila saa inayounguruma. Nikiugua, binti yako anakuja kuchora." Akaonyesha safu moja iliyopinda. "Hiyo ni wiki niliyomzaa mdogo wake."

Kipimo alitembeza macho ukutani. Alijaribu kuhesabu maduara, akapotea, akaanza tena. Yalikaribia mia mbili.

"Fundi huyo alisema saa moja ya injini ni kama kilomita arobaini za barabarani," mkewe akaendelea. "Binti yako akanipigia hesabu. Akasema hii injini imeshaizunguka dunia yote mara kumi na tisa, na haijatoka humu ndani."

Kipimo akakaa kwenye gunia. Hakukaa kwa kuchoka. Alikaa kama mtu aliyefika chini ya mlima mkubwa akaangalia juu. Mara kumi na tisa kuizunguka dunia, na msafiri ni huyu mwanamke mwenye unga kwenye nyusi, aliyekuwa akirudi jioni kumsogezea bakuli na kuambiwa kwamba injini yake haijafika dukani. Daftari lake mwenyewe, lile la jalada gumu, lilikuwa na kurasa tisa zilizoandikwa.

Mama Unga alivuta mfuniko wa pipa uliojaa unga, akaandika juu yake kwa kidole.

"Masaa saba mara arobaini, mia mbili themanini. Ongeza sitini ulizotembea. Mia tatu arobaini kwa siku. Umesema elfu tisa na mia mbili, gawa kwa sitini, ni siku mia moja hamsini na tatu." Kidole kikaenda taratibu kwenye unga. "Elfu hamsini na mbili."

Waliitazama ile namba kwenye unga.

"Fundi alisema hamsini," Kipimo akasema.

"Alikuwa sahihi. Na wewe hukudanganya. Umeandika ukweli wa matairi."

Kilichompata Kipimo hapo hakikuwa furaha, lakini kilikaa jirani na furaha. Mtu aliyeitwa mwongo kwa siku nzima amesafishwa, na aliyemsafisha ni yule ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimdharau.

"Miaka kumi na mmoja nakucheka," akasema.

"Na mimi nakusikia." Alisema hivyo bila kinyongo, kisha akaangalia saa iliyotundikwa juu ya mlango. "Saa imetimia. Shika chaki, chora."

Alichora mstari mmoja. Ulitoka umepinda, na bado upo mpaka leo kwa anayetaka kuuona.

*

Sikio alisikiliza maelezo yote akiwa ameshika spana. Kipimo hakujificha ofisini, alisema pale pale mbele ya benchi, na hesabu ya unga aliinakili kwenye ukurasa wa kumi wa daftari. Alipomaliza, fundi akaenda kunawa mikono, akajifuta, akarudi.

"Jana nilikuita mwongo mbele za watu," akasema. "Leo nakuomba radhi mbele za watu. Magari yangu mimi ni ya kwenda na kurudi, hili la kusimama na kuunguruma sikulifikiria. Mke wako ni fundi kuliko mimi."

Alibadilisha moyo wa tabo, kibomba na filta, akasafisha tangi la oili la chini mpaka bati likaonekana. Kisha akamimina ile oili ya namba mbili. Kipimo aliomba aimimine mwenyewe. Aliitazama ikishuka, safi, nyembamba, na akafikiria kwamba hiyo ndiyo itakayokiinua kile kigurudumu. Alilishika lile kopo kwa mikono miwili.

"Masaa mia mbili na hamsini," Sikio akasema. "Basi. Kwa kazi yako ni kama mwezi mmoja."

"Kila mwezi, kwa bei hii?"

"Bei ya hiyo tabo ni oili ya mwaka mzima. Chagua unataka kulia kidogo kidogo au mara moja." Akafunga boneti. "Na jingine. Ukitoka kwenye kilima usizime papo hapo. Tabo inakuwa bado inazunguka, ina moto wa kuyeyusha risasi, ukizima unaikatia oili ikiwa angani. Iache dakika mbili ishuke. Dakika mbili tu, halafu zima."

*

Ijumaa Meneja alimsikiliza getini, akakubali aende kituoni, lakini akasema, "Urudi na mzigo ndipo tuzungumze." Yule dereva mwingine alikuwa pale na gari lake jipya, injini ikiunguruma, tayari kubaki na kazi.

Kituoni Kipimo alisubiri wafugaji, na kila saa ilipotimia alichora mstari mmoja kwa chaki ndani ya mlango wa gari. Kwenye kilima alishika gia ya tatu, na gari likapanda kwa mvumo mzito usio na filimbi. Muuza mayai alikuwa katikati akisukuma baiskeli. Kipimo akampigia honi ya heshima, na yule akainua mkono.

Uwanjani Meneja alipima madumu, wapakuzi wakayashusha. Baridi ilikuwa safi, hakutoa maoni. Akasogea mbele ya gari, akainamisha kichwa.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Madereva wote walisogea kusikiliza. Ulikuwa mvumo tu.

"Mzigo umeshashuka," Meneja akasema. "Zima."

"Naomba dakika mbili, Meneja."

Katika kiwanda kile hakuna aliyewahi kumwomba Meneja dakika. Yule dereva wa gari jipya akatabasamu. Kipimo aliona kazi ikimponyoka mkononi kwa sababu ya dakika mbili, na alijua angeweza kuzima, na hakuzima.

"Za nini?"

"Kuna kitu humu kinazunguka mara laki moja kwa dakika, kimeelea juu ya oili. Nikizima sasa hivi kinaanguka. Nakisubiri kishuke."

Meneja alimwangalia, kisha akaangalia saa ya mkononi. Wakasimama wote, madereva, wapakuzi, mlinzi wa geti, uwanja mzima ukisikiliza injini ndogo ikipumua. Hakuna aliyeona kitu, na hata hivyo hakuna aliyeondoka. Mmoja alivua kofia bila kujua kwa nini. Dakika ya pili ilipotimia Kipimo akazungusha funguo, na katika ukimya ule wakasikia, kwa mbali kabisa, mshuko mwembamba kama mtu anayeshusha pumzi baada ya kutua mzigo.

Meneja akachungulia ndani ya mlango, akaona ile mistari ya chaki.

"Na hii nini?"

"Masaa. Gari likisimama, injini inaendelea kusafiri. Sisi sote hapa tunahesabu kilomita za matairi, na foleni ndiyo inayotumaliza."

Madereva walitazamana, kila mmoja akigeuka taratibu kuelekea kwenye foleni nje ya geti, ambako gari lake lilikuwa likiunguruma. Hata yule wa gari jipya.

"Kesho utabeba mzigo wako," Meneja akasema. Kisha akaongeza, "Hayo mambo umeyajua wapi? Au ndiyo maana wanakuita Kipimo?"

Daftari lilikuwa pale kwenye kiti, jalada gumu, kila mtu aliliona. Kipimo lilikuwa jina lake la miaka mingi, na alilipenda.

"Hapana, Meneja," akasema. "Kipimo yuko mashineni, anasaga. Mimi ni mume wake."